Biarusi Haambiwi Inua Uso

Saa tatu asubuhi si saa ya mtu mwenye kazi kurudi nyumbani. Kwa hiyo Nokwakha aliposikia bawaba za geti dogo zikilia, aliacha kuchagua maharage, akafuta mikono kwenye aproni, akasubiri. Mkamwana wake Zimkhitha aliingia, akatua mkoba mezani, akavua wigi na kuliweka juu ya mkoba, akakaa. Alikuwa ameondoka saa kumi na moja na nusu, ananukia sabuni.

"Amekufa?" Nokwakha aliuliza.

Bibi wa kizungu aliyetunzwa na Zimkhitha alikuwa na miaka themanini na minane, na swali hilo lilikuwa la kawaida katika nyumba ile kila mtu alipowahi kurudi.

"Hajafa, Mama. Ni mimi niliyekataliwa."

"Na nani?"

"Na kamera."

Zilikuwa zimepita wiki mbili tu tangu kamera hiyo ifungwe kwenye lango la Fernridge, mtaa wa nyumba zilizozungushiwa ukuta upande wa baharini wa mji wa East London, Afrika Kusini. Mfanyakazi alisimama juu ya nyayo mbili za rangi ya manjano zilizochorwa chini, akatazama juu, na kamera ikamsoma uso. Kioo kilicho chini yake kikiwa kijani, lango linafunguka. Siku zote hizo lilikuwa likifunguka. Jumatatu hii kioo kiligeuka chekundu.

"Imesema mimi ni mwanamke mwingine," Zimkhitha alisema. "Mwizi wa vito, anatafutwa tangu mwaka juzi. Asilimia themanini na moja."

"Asilimia themanini na moja ya nini?"

"Ya kwamba mimi ndiye yeye."

"Na hizo kumi na tisa zilizobaki ni nani? Ndizo zinazolala nyumbani kwangu?"

Zimkhitha hakucheka. Alieleza kwamba alisimamishwa ukutani, nje ya lango, kwa dakika arobaini mpaka gari la doria likafika. Vijana wawili wakashuka wakampiga picha, ya mbele na ya ubavuni, kisha wakamwambia aende zake kabla hawajabadili mawazo. Mama mmoja mwenye mbwa mweupe, ambaye Zimkhitha humsalimia kila asubuhi, alimwona akavuka barabara.

"Na Fikeni? Mlinzi mwenyewe alikuwa wapi?"

"Alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Miaka mitatu ananifungulia. Nikamwambia, Baba Fikeni, waambie. Akasema, 'Dada, mimi nakujua. Ila mimi siulizwi tena.'"

Nokwakha alirudisha macho kwenye maharage. Aliokota jiwe moja dogo, akalitupa.

"Na Lynne anasemaje?" Lynne alikuwa binti wa yule bibi, anakaa Cape Town na kuongoza nyumba ya mama yake kwa simu.

"Anasikitika sana. Kasema malalamiko yanachukua siku thelathini, na mama yake hawezi kukaa siku thelathini bila mtu. Jirani atamsaidia mpaka Jumatano. Nisipokuwa ndani Alhamisi asubuhi, analeta mtu wa wakala, na huyo akishaingia ndio basi."

Basi hapo ndipo Nokwakha aliposukuma sahani ya maharage pembeni. Kazi ile ilikuwa imemlea Lwandile, mwanawe, ambaye sasa anatengeneza barabara huko Mthatha miezi ambayo barabara zinatengenezwa. Ilikuwa imejenga vyumba viwili vya nyuma. Miaka thelathini na minane aliifanya yeye mwenyewe, mpaka magoti yalipogoma, ndipo akamkabidhi mke wa mwanawe kama watu wengine wanavyokabidhi ng'ombe. Sasa inapotea kwa sababu ya chombo kilichotundikwa juu ya mlingoti.

*

Si kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Nokwakha hakuwa mjinga wa kusema hivyo, na waliosema hivyo mbele yake walijibiwa. Alifika East London mwaka wa themanini na tatu, wakati polisi wakisimama kwenye kona kudai pasi, kibali cha Mwafrika kuwa mjini, na wanawake wenzake walimwonyesha njia ya kupita nyuma ya kanisa, na namna ya kusukuma kigari cha mtoto wa kizungu, hata kama hamna mtoto ndani, kwa kuwa mwanamke mwenye kigari hakusimamishwa. Hayo hayakuwa mazuri. Lakini hata polisi yule alikuwa na macho mawili, na macho mawili huchoka, hupepesa, huona haya.

Na baadaye, ukuta ulipojengwa na lango likawekwa, alikuja mlinzi, Baba Ngcukana. Huyo Nokwakha alimkumbuka kwa moyo wote. Mzee mrefu, kiti cha mbao, kopo la makaa wakati wa baridi. Hakuwa akitazama nyuso za watu, alitazama mwendo wao. Ukiwa bado mbali barabarani unasikia anakuita kwa jina la ukoo wako, "MamBhele, leo goti la kushoto ndilo linalosumbua," na lango limeshafunguliwa. Mwaka mmoja Nokwakha alikwenda kazini ameumwa jino, shavu limevimba, kajifunga kitambaa kichwa kizima na kuvaa koti la mtu. Mama yake mzazi angempita njiani. Ngcukana alifungua lango na kusema, "Karafuu. Weka karafuu hapo." Alijua watoto wote wa wafanyakazi kwa majina, na aliyemaliza shule alimtuma mama yake amletee cheti akisome pale langoni, kwa sauti.

Alipofariki walimzika kwao, Tsomo, na mabasi mawili ya watumishi yalikwenda. Waliokuwa wakiishi ndani ya ukuta walituma shada la maua.

Ndani ya nyumba yenyewe ilikuwa habari nyingine. Siku ya kwanza kabisa bibi yule alimuuliza anaitwa nani. Nokwakha akamwambia. Jina hilo lilikuwa na mwaka mmoja tu wakati huo: ndilo alilopewa ukweni siku ya harusi, kama kila biarusi anavyopewa, jina la mwanamke atakayejenga boma, na alikuwa analiringia kama kiatu kipya. Bibi akacheka kwa upole. "Gumu mno hilo kwangu, ulimi wangu hautaliweza. Nitakuita Doris." Ikawa Doris, miaka thelathini na minane. Doris, chai. Doris, mbwa. Siku ya kuagwa alipewa birika la umeme na kadi iliyoandikwa "Kwa Doris wetu mpendwa."

*

Jumanne alfajiri Nokwakha aliingia jikoni akamkuta Zimkhitha mbele ya kioo, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, anajichora pembetatu nyeusi mashavuni kwa wanja.

"Unakwenda kazini au kwenye sarakasi?"

"Kuna watu wanaonyesha humu, Mama. Kamera inatafuta macho, pua na kivuli cha mashavu. Ukivivuruga, haikujui." Alishusha nywele za wigi zikafunika jicho moja na daraja la pua. "Na nina miwani ya jua. Na barakoa, kama hii ikishindikana."

"Mtu mwema anajificha, mwizi yuko huko anatembea uso wazi."

"Nifanyeje basi, Mama? Niombe?"

Nokwakha aliosha vikombe.

Saa tatu bawaba za geti zikalia tena. Wanja ulikuwa umetiririka mpaka kidevuni, na Nokwakha hakuuliza kama ni jasho au machozi. Walimvua barakoa, imekatazwa. Walimvua miwani, imekatazwa. Mmoja wa doria alimwinua nywele za wigi kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayekagua takataka, ili kamera ione vizuri. Wapishi na watunza bustani waliokuwa kwenye foleni walitazama chini kwa kumstahi, isipokuwa wawili waliorekodi kwa simu.

"Ikasema nini kamera?"

"Sabini na nne." Zimkhitha alijaribu kutabasamu. "Angalau nimeshuka."

Wote wawili walicheka hapo, kicheko kibaya, kisha Zimkhitha akalaza kichwa mezani. Nokwakha alimtazama kisogo, nywele zake fupi za kweli ambazo hazikuzoea kuonwa, akaona ni mtoto wa watu.

"Fikeni alinifuata mpaka kituoni," Zimkhitha alisema, sauti ikitokea mezani. "Alisema kwa siri. Jicho la kamera likinikataa, mikono yake imefungwa, taarifa inakwenda moja kwa moja makao makuu ya kampuni yao. Lakini jicho likishindwa kunisoma, kioo kinakuwa cha njano, na hapo mlinzi anaruhusiwa kufungua daftari na kuandika mtu kwa mkono, kama zamani. Kasema wazee wenye makunyanzi mengi huwa wanapata njano. Kasema, 'Usijifanye mtu mwingine, dada. Jifanye hakuna mtu.' Lakini lazima kiwe kitu ambacho hakuna mlinzi anayeweza kuniambia nikivue. Na kitu hicho hakipo."

Nokwakha alitazama mlango wa chumba chake mpaka Zimkhitha akainua kichwa.

"Kipo," Nokwakha alisema.

*

Sanduku la mavazi ya ubiarusi lilikuwa chini ya kitanda, na Jumatano yote lilikaa wazi. Kulikuwa na gauni refu la kitambaa cha buluu chenye maua madogo, shali ya kahawia, na kilemba cheusi ambacho mama yake Nokwakha alikipamba ukingoni kwa vifungo vidogo vyeupe, kimoja kimoja, mwaka wa themanini na mbili. Kulikuwa pia na kifuko cha udongo mweupe kutoka mtoni kwao Centane.

"Hiki ulikikataa," Nokwakha alisema, akikunjua kilemba.

Zimkhitha alijua wamefika kwenye neno hilo. Lilikuwa likizunguka ndani ya nyumba miaka mitatu.

"Sikukikataa, Mama. Nilikivaa."

"Wiki moja. Mimi nilikivaa mwaka mzima na miezi minne, mpaka mama mkwe wangu mwenyewe aliponifungua. Nilikwenda nacho hata mjini kutafuta kazi, kwa sababu yeye alisema, nenda, lakini wewe bado ni biarusi wetu. Wewe wiki moja, ukasema huwezi kumtunza mgonjwa huku huoni mbele. Jina tulilokupa hujalitumia hata siku moja. Watu wa ukoo waliniuliza, mkamwana wako ni wa kukodi?"

"Mama, wewe ndiye uliyesema nianze kazi Jumatatu ile. Magoti yako yalikuwa hayasimami. Ningewahi vipi gari la alfajiri na gauni la kuburuza?"

Nokwakha alikunja kilemba, akakikunjua tena. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameitaka kazi isipotee na alikuwa ameitaka mila isipotee, na zote mbili alimtwika mwanamke mmoja ndani ya wiki moja, kisha akamnunia kwa kuangusha moja. Alihisi aibu, na aibu kwa mtu wa umri wake huja kama hasira, hivyo akamwambia kwa ukali ageuke amfunge.

Alikifunga kilemba chini kabisa, hadi juu ya nyusi, kama inavyotakiwa. Shali akaipandisha mabegani mpaka kidevuni. Udongo akaukoroga na maji kwenye kisosi, akachukua njiti ya kiberiti, akaanza kumtia nukta: safu juu ya nyusi, safu ikishuka puani, duara mashavuni. Mkono haukuwa umesahau. Zimkhitha alifumba macho, na Nokwakha akasikia pumzi yake kwenye kiganja, akakumbuka pumzi yake mwenyewe kwenye kiganja cha mama mkwe, ndani ya kibanda kinachonuka moshi na maziwa mgando, na wanawake wanaimba nje. Hakuna aliyemwambia wakati ule kwamba zile ndizo siku bora zenyewe.

"Biarusi haambiwi inua uso," alisema. "Hata mfalme hawezi kumwambia. Mwanamume anayemwambia mke wa watu ainue uso amejivua nguo mwenyewe. Sasa simama. Tembea mpaka mlangoni."

Zimkhitha akatembea.

"Huyo ni biarusi au mtu anayewahi kufungua duka? Macho kwenye vidole vyako. Polepole. Kiganja juu ya kiganja. Na ukikuta wanaume wamekaa, hupiti mbele yao wala katikati yao. Unazunguka nyuma. Hata kama nyuma kuna tope."

"Na kamera itakuwa inaona nini?"

"Kitambaa na nukta. Rudia."

Alirudia mara kumi na moja. Mara ya mwisho Nokwakha alitoka nje akisingizia kuangalia nguo kwenye kamba, kwa sababu alikuwa ameona mtu akivuka jikoni kwake, na mtu huyo alikuwa yeye.

*

Alhamisi walikwenda pamoja, maana biarusi hatoki peke yake. Magoti ya Nokwakha yaliimba njia nzima kutoka kituoni. Foleni ilikuwa ya watu kama ishirini, na walipoona gauni na nukta walinyamaza, kisha wanawake wawili wakubwa wakapisha bila kuambiwa. Mmoja alimnong'oneza Nokwakha, "Hongera, Mama. Umepata." Nokwakha akaitikia kwa kichwa, na alishangaa kuona hongera ile imemwingia kweli.

Tatizo ni kwamba Fikeni hakuwa peke yake. Karibu na mlingoti, kwenye kiti cha pili, alikaa kijana mmoja aliyevaa koti la kampuni na kushika kompyuta ndogo ya kioo cha kugusa. Jina lake, Odwa, lilishonwa kifuani. Ametumwa kutoka makao makuu, alisema Fikeni kwa sauti ya kutoa onyo, kuja kuona kwa nini lango hili lina nyekundu nyingi.

Zimkhitha alisimama juu ya nyayo za manjano, kichwa chini. Kamera ilitazama. Mashine ikalia mlio mmoja, ikatulia, ikalia tena. Kioo kikawa njano.

"Uso haujaonekana," Odwa alisoma. "Dada, inua uso."

Mtunza bustani mmoja nyuma alikohoa.

"Dada. Inua uso kidogo, utoe na hicho kitambaa."

Fikeni aliweka kalamu yake chini taratibu. "Kijana, umeoa?"

"Hilo linahusianaje na kazi, Baba?"

"Nauliza tu. Huyu ni biarusi wa watu. Mama mkwe wake ndiye yule pale. Mimi nimetoka Cala, na nina dada huko, na nina binti. Siwezi kumwambia inua uso. Kama wewe unaweza, mwambie mara ya tatu, mbele ya watu hawa wote, nisikie."

Odwa alitazama foleni, na foleni ikamtazama. Nokwakha alisogea hatua mbili. Sauti yake ilitoka ya kawaida, ya mama anayesalimia mtoto wa jirani.

"Habari za asubuhi, mwanangu. Kwenu ni wapi? Wewe ni wa ukoo gani?"

Swali hilo hata mtoto wa mjini hawezi kulikalia kimya. "Ni wa akina Radebe, Mama."

"Radebe. Watu wa heshima. Bibi yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anaitwa nani na babu yako, mpaka leo, jina lake la ukweni?"

Odwa alilitaja, kwa sauti ya chini. Kisha akatazama kioo chake kwa muda, ingawa hakukuwa na kitu kipya cha kusoma. "Utaratibu unasema mwenye njano anaandikwa," alisema hatimaye. "Mwandike."

Fikeni alifungua daftari. "Jina?"

Nokwakha alishika fimbo yake kwa nguvu. Hawakuwa wamepanga sehemu hii.

"Nosakhele," biarusi alisema, macho kwenye vidole vyake.

Ndilo jina walilompa miaka mitatu iliyopita, mbele ya zizi, na ambalo halikuwahi kutoka kinywani mwake. Fikeni aliliandika kwa herufi kubwa. Lango likaanza kufunguka. Na hapo hapo, kwa furaha, Zimkhitha alisahau kila kitu: akanyanyua mguu na kupita katikati, baina ya kiti cha Fikeni na kiti cha Odwa, mwendo wa mtu anayewahi kufungua duka. Nokwakha alifumba macho. Biarusi wa kweli angekufa kabla ya kufanya hivyo.

Alisikia miguu ya kiti ikikwaruza saruji. Alipofumbua, Fikeni alikuwa amejivuta na kiti chake mbele, karibu amkalie Odwa mapajani, ili ionekane mwanamke yule amepita nyuma yao.

"Jua," Fikeni alimwambia Odwa. "Linanichoma hapa."

Zimkhitha alipotokomea kwenye kona ya ua, Fikeni alimsindikiza Nokwakha mpaka barabarani. "Nitamwandika kila siku mpaka majibu yao yaje," alisema. "Siku thelathini si nyingi. Ila, Mama, mfundishe kutembea."

*

Jioni Nokwakha alipika mahindi na maharage mengi kuliko walivyoweza kumaliza. Zimkhitha alirudi saa kumi na mbili, bado amejifunga, ingawa njia yote ya kutoka hakuna kamera iliyomuuliza. Nukta zilikuwa zimepasuka kidogo mashavuni. Alikaa, hakugusa sahani.

"Lynne kapiga simu," alisema. "Kafurahi. Kasema alijua litatatuliwa."

"Limetatuliwa na nani, hakuuliza."

"Hakuuliza." Zimkhitha alisogeza kijiko. "Mama, kuna jambo jingine. Sijui kama nikuambie."

"Umeshaanza."

"Nilipoingia chumbani kwa bibi alikuwa ameamka. Unajua siku hizi hanijui, hanitajii jina lolote. Leo nilipofungua pazia alinitazama muda mrefu. Akakitazama kilemba, akanyoosha mkono akagusa vifungo. Halafu akasema, 'Nokwakha.'"

Nokwakha aliacha kutafuna.

"Alisema nini?"

"'Nokwakha. Umekuja. Na mtoto, umemwacha na nani?'"

Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza matokeo ya mpira. Nokwakha aliisikiliza mpaka mwisho, timu zote. Mwaka wa themanini na tatu alikuwa amemwacha Lwandile kijijini akiwa na miezi mitano, maziwa bado yanamtoka, na kila asubuhi katika jiko lile alikunja taulo na kuliweka kifuani chini ya gauni. Hakumwambia bibi. Bibi hakuuliza, si mwaka ule, si miaka yote thelathini na minane. Nokwakha aliamini kwamba hakuona. Ilikuwa imemsaidia kuishi, kuamini kwamba hakuona.

"Alilitamkaje?" aliuliza.

"Nini, Mama?"

"Jina. Alilitamkaje?"

"Vizuri, Mama. Kama mtu wa kwetu."

Nokwakha aliinuka, akaenda kwenye sinki, akasimama huko akiwapa mgongo meza na mkamwana. Alilia, na hakujificha sana. Alilia kwa hasira, kwa sababu ulimi ule uliweza tangu siku ya kwanza. Na ndani ya hasira hiyo, jambo lililomuudhi zaidi, kulikuwa na msichana wa miaka ishirini na tatu mwenye nukta mpya usoni, anafurahi kwamba mtu amemwona.

"Ukamjibu nini?" alisema hatimaye.

"Sikujua la kusema. Nilisema, nimemwacha kwa mama mkwe wangu, yuko salama, anakua. Akasema, 'Vizuri,' akalala."

Nokwakha alifuta uso kwa aproni. Alichukua kisosi, akakisuuza, akatia udongo mkavu na maji kidogo, akaanza kuukoroga kwa ajili ya asubuhi, akivunja vidonge kwa kidole gumba mpaka ukawa laini.

"Asiyekujua hakuthamini, wanasema. Mimi nilikuwa najulikana." Alikoroga tena. "Nosakhele, miaka thelathini na minane niliitika jina lisilo langu. Kesho akikuita tena lile langu, usimrekebishe."

"Nimwambie nini?"

"Itika kwa niaba yangu," Nokwakha alisema. "Kwa sauti."